Damu ya Raia na Bunduki ya Dola: Nani Aulize, Nani Ashuhudie?

(Matini ya mhadhara uliotolewa Kilimarondo, wilayani Nachingwea, baada ya swala ya Ijumaa)

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Shukurani zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na wote waliofuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Mada tuliyoikusudia leo ni nzito, na wapo waliotushauri tuiache. Walisema mambo ya polisi yana wenyewe. Mwalimu wa madrasa ana nahau na fiqhi za kusomesha, bunduki inamhusu nini? Tumewasikiliza, nao wanatutakia kheri. Lakini mlango wa damu na diya umo ndani ya vitabu vile vile tunavyowasomesha vijana wetu, baada ya mlango wa nikaha na kabla ya mlango wa hukumu. Hakuna mwanachuoni aliyepata kuuruka kwa kumuogopa mtawala wa zama zake. Nasi hatuoni udhuru wa kuuruka.

Tuanze na la nyumbani. Mwezi Januari 2022, kijana mfanyabiashara wa madini, mwenyeji wa wilaya yetu hii ya Nachingwea, aliuawa huko Mtwara mikononi mwa askari polisi. Kabla ya hapo alikuwa amekamatwa kwa tuhuma, akachukuliwa fedha zake, zaidi ya shilingi milioni 33 kwa mujibu wa yaliyoelezwa na upande wa mashtaka. Alipozidai, hakurudi. Mwili wake ulitupwa porini. Maofisa saba wakafikishwa mahakamani kwa kosa la mauaji. Mwingine wa nane aliyekuwa akishikiliwa alikufa akiwa mahabusu, ikaelezwa kwamba alijinyonga. Juni 2025, Mahakama Kuu iliyoketi Mtwara iliwatia hatiani wawili kati yao, Mrakibu wa Polisi na Mrakibu Msaidizi, ikawahukumu kunyongwa hadi kufa. Watano waliachiwa huru.

Mtasema kijana yule hakuuawa kwa risasi. Ni kweli. Lakini swali lililoulizwa juu ya damu yake ndilo lile lile linaloulizwa juu ya kila aliyepigwa risasi na askari katika nchi hii: je, mkono wa dola ukiua pasipo haki, nani atauuliza mkono huo? Februari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alihoji hadharani ni vipi Jeshi la Polisi lijichunguze, akamwelekeza Waziri Mkuu wa wakati huo, ambaye pia alikuwa Mbunge wa jirani zetu wa Ruangwa, aunde timu ya kulichunguza jambo hilo. Alipolitamka Rais, watu wakaona ni jambo jipya. Si jipya. Wanyonge walikuwa wakiliuliza kwa miaka mingi, nasi Waislamu tumeliuliza tangu Februari 1998, pale watu walipouawa kwa risasi za polisi Mwembechai, Dar es Salaam. Tume huru iliyodaiwa wakati ule haikuundwa, na kitabu alichokiandika Profesa Hamza Njozi juu ya mauaji yale kikapigwa marufuku.

Hatukusudii leo kufukua machungu hayo moja baada ya jingine. Tunakusudia kusema kwamba kuwajibishwa kwa askari aliyeua kunaanza kabla ya mahakama na kabla ya tume, na kwamba sehemu kubwa ya mwanzo huo imo mikononi mwetu sisi, watu wa misikiti: tunaoosha maiti, tunaochimba kaburi na tunaosema maneno ya kwanza juu ya marehemu.

NENO "JAMBAZI"

Ndugu zangu, tarehe 14 Januari 2006 watu wanne waliuawa jijini Dar es Salaam. Watatu walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge, wa nne alikuwa dereva wa teksi. Polisi walitangaza kwamba waliouawa ni majambazi, kwamba walipora, wakafukuzwa, wakarushiana risasi na askari huko Sinza. Taifa likasikia, na wengi wakashukuru. Tusijifanye hatukumbuki: enzi zile ujambazi ulikuwa umeshamiri, na habari ya majambazi wanne kuuawa ilikuwa habari njema.

Lau ndugu wa marehemu wangelikubali neno lile, habari ingeliishia hapo. Hawakukubali. Wakapiga kelele, Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka, na tume hiyo ikaona kwamba hapakuwa na kurushiana risasi. Maelezo yaliyokuja kufika mahakamani ni kwamba watu wale walikamatwa wakiwa hai, wakapelekwa katika msitu wa Pande, wakalazwa kifudifudi, wakapigwa risasi. Mtu aliyelazwa kifudifudi anarushiana risasi na nani?

Kesi ile, ambayo Watanzania waliiita kesi ya Zombe kwa jina la ofisa mkuu aliyeshitakiwa, iliisha Mahakama Kuu Agosti 2009 kwa washitakiwa wote kuachiwa. Jaji Salum Massati aliona kwamba wauaji hasa hawakuwa mbele yake. Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, ikamhukumu kifo, na ikawaachia wengine akiwamo Abdallah Zombe. Miaka kumi na miezi minane tangu damu imwagike! Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa amekwisha hitimu juzuu kadhaa.

Tuliangalieni neno lile "jambazi" kwa jicho la sharia. Usama bin Zayd (r.a.), kipenzi cha Mtume (s.a.w.) na mtoto wa kipenzi chake, alimuua mtu vitani baada ya mtu yule kutamka shahada. Akatoa hoja yake: aliitamka kwa kuogopa silaha tu. Mtume (s.a.w.) hakuipokea hoja ile. Alimuuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule akaona kilichomo, na akalikariri lawama lake hadi Usama akatamani lau angelikuwa amesilimu siku ile ile. Basi ikiwa Sahaba, vitani, mbele ya adui aliyeshika upanga, hakuruhusiwa kuhukumu yaliyomo ndani ya mtu kisha akaua kwa hukumu hiyo, itakuwaje kwa askari wa mjini na mtu ambaye amekwisha tiwa pingu?

Na hata akiwa jambazi kweli! Mwizi ana hukumu yake, haramia ana hukumu yake, na zote zinahitaji kadhi, ushahidi na mshitakiwa kusikilizwa. Sharia haimjui askari aliye mpelelezi, mwendesha mashitaka, hakimu na mnyongaji kwa wakati mmoja. Wala Katiba ya Jamhuri haimjui. Ibara ya 14 imeipa kila nafsi haki ya kuishi na kuhifadhiwa na jamii kwa mujibu wa sheria.

Kwa hiyo la kwanza tunalowaombeni ni dogo na ni zito. Maiti akiletwa na neno "jambazi" limetangulia, ninyi msilirudie. Sisi huwa wa kwanza kulirudia barazani, tukiongeza na letu: "Nasi tulikuwa tukimshuku." Mama yake yumo ndani, anasikia. Na mpelelezi, lau angekuwapo wa kutaka kuuliza, anakuta mtaa mzima umekwisha hukumu.

WATAWALA WEMA WALIULIZWA

Wapo wasemao kwamba kumuuliza askari ni kumvunja nguvu, na kwamba dola isiyoogopwa haikai. Katika hili tunayo mifano ambayo vijana wa madrasa wanaijua, ila hatukuzoea kuileta katika mambo ya leo.

Mwaka wa nane Hijria, baada ya kufunguliwa Makka, Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin Walid (r.a.) kwa Banu Jadhima. Watu wale walitaka kusema wamesilimu, hawakujua kulitamka neno vizuri, na Khalid akawachukulia kuwa wamekataa. Akawateka, kisha akaamrisha kila askari amuue mateka wake. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliinua mikono mbinguni akajitenga na kitendo cha Khalid mbele ya Allah, mara mbili. Hakusema kamanda wetu alikuwa kazini. Hakusema tusubiri upelelezi wa jeshi lenyewe. Kisha, kama walivyopokea wanahistoria wa Sira, akamtuma Ali bin Abi Talib (r.a.) na mali, akalipa diya ya kila aliyeuawa na fidia ya kila kilichoharibika, hata chombo cha kunyweshea mbwa. Ikabakia mali mkononi mwa Ali, akawapa na hiyo, kwa ajili ya lile ambalo pengine halikujulikana.

Tazameni yaliyomo humo. Kiongozi alikanusha hadharani, siku zile zile. Dola ililipa, wala haikungoja mjane aje na wakili. Na Khalid hakuuawa, kwani wanazuoni wanasema aliteleza katika kufahamu, hakukusudia kumwaga damu anayoijua kuwa ni haramu. Wala hakuvuliwa ukamanda. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba tunapotaka askari waulizwe tunataka kila askari anyongwe. Fiqhi yetu inapambanua baina ya aliyekusudia, aliyefanana na aliyekusudia, na aliyekosea. Kila mmoja ana hukumu yake. Kinachokatazwa ni damu kupita bure, bila jina na bila malipo.

Na kuna jambo jingine katika kisa hicho ambalo tungependa walisikie ndugu zetu askari, nao wamo katika safu zetu, tunawaona. Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa askari katika kikosi kile. Alipopewa amri ya kumuua mateka wake, alikataa, na akasema hata wenzake hawatawaua wa kwao, mpaka walipofika kwa Mtume (s.a.w.). Alikataa amri ya Khalid bin Walid! Hakuna aliyemhesabu kuwa msaliti wa jeshi.

Umar bin Khattab (r.a.) naye alipokuwa Khalifa alitangaza mbele ya watu kwamba hawatumi magavana wake wakapige ngozi za watu wala kuchukua mali zao, na aliyetendewa hivyo amfikie yeye ili amlipizie. Amr bin al-As (r.a.), gavana wa Misri, akastaajabu: hata kama gavana anawatia adabu raia wake? Umar akaapa kwamba ndiyo, kwani alimwona Mtume (s.a.w.) mwenyewe akikubali kulipiziwa kisasi nafsini mwake.

Tena Umar mwenyewe aliulizwa. Alimwita mwanamke mmoja kwa mahojiano. Mwanamke alikuwa mjamzito, akaingiwa na hofu ya kuitwa na Khalifa, akajifungua njiani na mtoto akafa. Masahaba waliokuwapo wakamwambia Umar kwamba hana lawama, alikuwa akitekeleza kazi yake ya kuwaongoza watu. Ali alikuwa kimya. Alipotakiwa kusema, alisema kwamba ikiwa hayo ndiyo maoni yao basi wamekosea, na ikiwa wamesema ili kumridhisha Umar basi hawakumnasihi. Diya ni juu yako, kwa kuwa wewe ndiye uliyemtisha. Umar akakubali. Baadaye mafakihi, kama alivyoeleza Ibn Qudama katika al-Mughni, wakahitilafiana: kosa la mtawala lilipwe na ukoo wake au lilipwe na Baitul-Mali? Walihitilafiana juu ya mfuko utakaolipa. Juu ya kulipa hawakuhitilafiana.

Hakuna risasi katika kisa kile, hakuna hata kofi. Ni wito tu uliomtisha mwanamke.

TUMEYAONA

Tusiwe wachoyo wa kukiri pale haki ilipotendeka. Septemba 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu mno na mwili wake, akiwa amezungukwa na askari. Waandishi wenzake walikuwapo na kamera zao, picha zikachapishwa, na Julai 2016 askari mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Wapo walioiona adhabu ile ni ndogo. Lakini ilipatikana, na ilipatikana kwa sababu palikuwa na walioona na wakakubali kusema walichokiona.

Februari 2018, jijini Dar es Salaam, binti aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji alikuwa abiria ndani ya daladala wakati polisi wakiwatawanya waandamanaji. Risasi ikampata, akafa. Nchi nzima ilimlilia. Jalada la askari waliokuwa wakichunguzwa likafungwa bila mtu kufikishwa mahakamani kwa kifo chake. Binti alikuwa amekaa ndani ya gari la abiria, mchana kweupe, mbele ya macho ya watu wote.

Kusini kwetu nako tumeyaona. Masasi, Januari 2013, watu walipoteza maisha katika vurugu. Mtwara mjini, Mei mwaka huo huo, katika sakata la gesi. Nyumba za serikali zilichomwa moto pia, na hilo ni dhulma na haramu; hatulipambi. Wala hatuwasahau askari. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliviziwa na kuuawa huko Kibiti, katika njia ile ile tunayopita tukienda Dar es Salaam. Nao walikuwa na watoto, nao damu yao ni haramu.

Kisha likaja lile la tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu. Yakazuka maandamano na ghasia, intaneti ikazimwa, marufuku ya kutembea usiku ikatangazwa Dar es Salaam, na watu wakauawa. Idadi yao ikawa ndiyo mabishano yenyewe. Novemba 2025 Rais aliunda Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikataka uchunguzi kamili na wa haki. Lililotuchoma zaidi ni malalamiko ya familia zilizosema hazikupata hata maiti. Fiqhi yetu inayo swala ya ghaibu kwa asiyekuwapo. Lakini asiyekuwapo hana jeraha la kuonyesha kwa daktari.

Jaji huyo huyo ndiye aliyeongoza ile Tume ya Haki Jinai iliyokabidhi ripoti yake Julai 2023, ambayo kati ya mengi ilipendekeza upelelezi utengwe na polisi, na polisi yenyewe iache kuwa "jeshi" iwe "huduma". Sisi watu wa lugha tunajua kwamba jina si jambo jepesi. Jeshi lina adui, huduma ina mhudumiwa. Hata hivyo jina peke yake halimfufui mtu. Wenzetu wa Kenya walibadili jina kwa Katiba ya 2010, na mwaka 2011 wakatunga sheria ya kuanzisha IPOA, chombo cha kiraia cha kuisimamia polisi. Mtu mmoja aliyepigwa risasi na polisi alipeleka malalamiko yake huko. Mwaka 2016 akauawa yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi aliyewabeba. Askari aliyelalamikiwa alihukumiwa kifo Februari 2023 pamoja na wenzake waliopewa vifungo virefu. Chombo huru ni lazima kiwepo. Bali mlalamikaji naye anahitaji kuhifadhiwa, na hilo kwetu hata halijaanza kuzungumzwa ipasavyo.

Na tuseme neno la uadilifu juu ya wale walioachiwa huru. Wale watano wa Mtwara walikaa mahabusu zaidi ya miaka mitatu, kwani kosa la mauaji halina dhamana. Kwa macho ya mahakama hawakuthibitika kuua. Basi uchunguzi mbovu na wa polepole humdhulumu marehemu, na humdhulumu pia askari asiye na hatia. Askari mwema angelitakiwa awe wa kwanza kudai uchunguzi ulio safi.

TUSIZIKE USHAHIDI

Sasa tuingie katika lile linalotuhusu sisi wenyewe. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tuharakishe jeneza, na sisi watu wa huku tumeishika Sunna hiyo barabara: mtu akifa asubuhi, kabla ya Alasiri amekwisha zikwa. Pia tunaijua hadithi kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Kwa hadithi hizi mbili familia nyingi za Kiislamu hukataa maiti asipasuliwe, humbeba usiku usiku, humwosha na kumzika. Kesho yake, huzuni ikitulia, ndipo wanaanza kuuliza: risasi iliingilia wapi? Nani aliiona? Imezikwa.

Ndugu Waislamu, kuharakisha jeneza ni Sunna, na kuhifadhi haki ya damu ni wajibu, na Sunna haiangushi wajibu. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wameandika, naye Imam Nawawi amelitaja, kwamba maiti aliyemeza kito cha mtu mwingine na mwenye kito akakidai, tumbo lake hupasuliwa kitolewe. Kwa ajili ya kito! Basi vipi kwa ajili ya damu, ambayo Aya ya 32 ya Suratul-Maida imefanya kuimwaga bila haki kuwa ni sawa na kuwaua watu wote? Na wanazuoni wa zama zetu wamelitolea kauli wazi. Baraza la Wanazuoni Wakubwa wa Saudi Arabia, katika azimio lake namba 47 la mwaka 1396 Hijria (1976), na baada yake Baraza la Fiqhi la Rabita mjini Makka mwaka 1408 Hijria (1987), wamejuzisha kupasuliwa maiti kwa ajili ya kuchunguza madai ya jinai. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba dini imemzuia. Dini haikumzuia, aliyemzuia ni haraka, au khofu.

Tunajua kwamba kutoka hapa Kilimarondo hadi hospitali ya wilaya ni safari yenye gharama, na masika barabara ina mambo yake. Msikiti uchange. Tunachanga kwa maulidi, tunachanga kwa sherehe za vyama, tutashindwaje kuchanga gari la maiti aliyedhulumiwa?

Kisha waosha maiti. Kwa Shafi, aliyeuawa kwa dhulma nje ya vita huoshwa na kuswaliwa kama maiti wengine. Maana yake ni kwamba mikono ya ndugu zetu itaugusa mwili ule na macho yao yataliona jeraha. Wao wamefundishwa kuficha, kwani mwosha maiti anayesitiri ameahidiwa msamaha mkubwa. Kinachositiriwa ni aibu ya maiti. Tundu la risasi si aibu ya maiti! Ni shahada. Aliyeliona liko mgongoni, na polisi wakasema marehemu alikuwa akiwakabili, anao ushahidi juu ya shingo yake, na kuuficha ushahidi kumeharamishwa katika Suratul-Baqara, Aya ya 283. Nguo zenye damu msizifue wala msizichome. Zikaushwe kivulini, zifungwe katika karatasi, zitunzwe na mtu mzima anayejulikana, na ziandikwe zilipokelewa lini na kwa nani.

Na sheria za nchi msizidharau kwa kuwa tu zinatumika kwa nadra. Ipo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya 1980, inayotaka hakimu achunguze kifo cha mtu aliyefia mikononi mwa polisi au gerezani. Familia iandike barua kwa hakimu wa wilaya, itaje jina, siku na mahali, na ibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Haina meno ya kushitaki, ila inapokea malalamiko na kuchunguza, na katika kifo cha Mwangosi ilichunguza na kutoa ripoti. Anayetaka kuidai Serikali fidia lazima atoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Wengi huijua notisi hiyo wakiwa wamekwisha chelewa.

Hapa pana tofauti moja kati ya sheria hizi na fiqhi yetu, na tunaitaja kwa masikitiko. Kwetu, mwenye damu ni walii wa marehemu. Ana hiari ya kisasi, diya au kusamehe, na neno lake linasubiriwa. Katika kesi ya jinai ya nchi hii mama wa marehemu ni shahidi tu, tena akiitwa. Mahakama ya Mtwara imewahukumu wawili kunyongwa, katika nchi ambayo haijamnyonga mtu tangu 1994. Mama hatapata kisasi. Diya hapewi kwa hukumu hiyo, na wala hakuulizwa kama anasamehe. Wanasheria Waislamu wanaotusikia walitafutie jambo hili mlango, hata kama ni ule wa shauri la madai.

Ndugu mmoja alituuliza kabla ya kupanda mimbari: maiti akiwa kweli aliiba, na akafa katika wizi wake, je, imamu amswalie na tufanye yote haya? Jibu ni kwamba aswaliwe, kwani dhambi haimtoi mtu katika Uislamu. Na jeraha lake liandikwe vile vile, kwani hatuandiki sifa zake, tunaandika namna alivyokufa.

Kamati ya mazishi ya msikiti huu tunaiomba ikutane nasi Jumapili baada ya Alasiri. Akina mama wanaoosha maiti wa kike nao waje, na kila kijiji cha jirani kilete watu wawili wanaojua kuandika vizuri. Tutapitia pamoja yale ya kuandikwa kabla maji hayajamwagwa juu ya mwili: mahali pa jeraha, mbele au nyuma, ukubwa wake, saa, majina ya waliokuwapo. Daftari tumekwisha linunua.

Wabillahit-tawfiq.